Wanaimba Nini Hao?

Tulimzika mjomba Kilosa, mwezi Agosti 2022. Padri alikuwa amemaliza sala na vijana wameanza kurudishia udongo, ndipo mtu mmoja nyuma yetu akaanza kuimba kwa Kiingereza. Alikuwa fundi redio wa Morogoro mjini, rafiki wa mjomba wa miaka mingi, jezi nyekundu ikichungulia chini ya koti lake. Aliimba mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha sauti ikamkatika. Wenzake sita au saba waliokuja naye kwenye Noah ya kukodi walijaribu kuendelea, lakini maneno ya katikati hawakuyajua. Wakaunguruma tu wakifuata sauti, wakasubiri kiitikio, wakakidaka kwa nguvu zote.

Bibi yangu, mama wa marehemu, alinivuta mkono wa shati.

"Wanaimba nini hao?"

"Wimbo wa mpira, bibi."

Aliniachia mkono. "Mpira," alisema, na hakusema neno lingine mpaka tulipofika nyumbani.

Alikuwa na sababu zake. Mpira ulikuwa umemla mwanawe kwa miaka. Mjomba alikuwa mnazi wa Liverpool, au Majogoo wa Anfield kama magazeti yetu yanavyopenda kuwaita, na zilipoingia kampuni za kubashiri, mapenzi yale yakageuka mikeka. Pesa ya bati iliishia kwenye mkeka, na ada ya binti yake ikafuata. Bibi aliuza mbuzi wawili kuifidia. Halafu siku ya kumrudisha mwanawe ardhini, watu wa mpira wanakuja kumwimbia wimbo wa mpira.

Mimi nina lingine linaloniuma. Wimbo ule niliujua wote, mwanzo hadi mwisho. Nimesoma, Kiingereza hakinipigi chenga, na nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwa yule fundi. Sauti ilipomkatika, ningeweza kuudaka. Nilinyamaza kwa kuona haya mbele ya padri na wazee.

Baadaye nilianza kuutafuta wimbo ule ulikotoka, kwanza kwa udadisi, kisha kwa sababu nilihisi nina deni la jibu. Nikagundua kwamba nilimdanganya bibi. "You'll Never Walk Alone" ulikuwa na umri wa miaka kumi na minane kabla uwanja wowote wa Liverpool haujauimba. Ulitungwa kwa ajili ya jukwaa la maigizo, kwa ajili ya mwanamke ambaye mumewe amelala chini, amekufa muda mfupi uliopita.

*

Tuanzie Budapest, mwaka 1909. Mwandishi wa Hungaria, Ferenc Molnár, aliandika tamthilia iitwayo *Liliom*. Mhusika mkuu ni mpiga debe, si wa daladala, ni wa bembea ile inayozunguka na farasi wa mbao kwenye viwanja vya starehe. Kazi yake ni kuita wateja, na anaifanya vizuri kwa sababu ana sura na ana mdomo. Anampenda msichana mmoja mtumishi wa ndani, anamwoa, anapoteza kazi, anampiga. Mke anaposhika mimba, mume anaingia kwenye mpango wa wizi. Wizi unashindikana na anajiua. Miaka kumi na sita baadaye anaruhusiwa kurudi duniani siku moja amtendee wema binti yake. Anampiga kofi. Analazimika kurudi alikotoka akiwa ameshindwa, na hapo ndipo Molnár anapofunga pazia. Watu wa Budapest hawakuipokea vizuri mara ya kwanza. Heshima yake ilikuja baadaye, tamthilia ilipotafsiriwa na kuzunguka dunia.

Miaka ya 1940, Molnár, Myahudi aliyeikimbia Ulaya ya Hitler, alikuwa akiishi New York. Huko huko walikuwapo wawili waliotoka kuvunja rekodi: Richard Rodgers, mtunzi wa muziki, na Oscar Hammerstein, mtunzi wa maneno. Mchezo wao wa kwanza pamoja, *Oklahoma!* wa mwaka 1943, ulikuwa umebadilisha namna Wamarekani walivyofikiri kuhusu maigizo ya nyimbo. Zamani nyimbo zilikuwa pambo. Kwao wimbo ulitakiwa kusukuma hadithi mbele, hata ukiutoa hadithi iwe na shimo. Kwa kazi yao ya pili wakaichukua *Liliom*. Walimhamisha mpiga debe kutoka Budapest hadi pwani ya jimbo la Maine, mwaka 1873, wakampa jina la Billy Bigelow. Mkewe, Julie Jordan, wakamfanya mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Mchezo wakauita *Carousel*, yaani ile bembea yenyewe.

Sasa fika pale wimbo unapozaliwa. Billy amekwenda kuiba apate pesa ya mtoto atakayezaliwa. Kabla ya wizi, yeye na mwenzake wanacheza karata wakisubiri windo lao, na Billy anapoteza mgawo wa pesa ambayo bado hajaiiba. (Niliposoma sehemu hiyo niliweka simu chini. Nilimwona mjomba na mikeka yake.) Wizi unaharibika, Billy anajichoma kisu, anakata roho mikononi mwa mkewe. Julie anabaki hajui afanye nini na maisha. Aliye karibu naye ni binamu yake, mwanamke wa makamo aitwaye Nettie Fowler. Nettie anamkumbusha maneno ambayo Julie mwenyewe aliwahi kumpa zawadi, yametariziwa kwenye kitambaa. Julie anaanza kuyasema, anafika mahali, kilio kinamzidi, anashindwa. Nettie anayapokea na kuuimba wimbo mpaka mwisho.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani, kwa sababu ndilo lililokuwa limetokea mbele yangu Kilosa, isipokuwa kule kwetu Nettie alikuwa mimi, na Nettie alinyamaza.

*

*Carousel* ilifunguliwa katika ukumbi wa Majestic, Broadway, tarehe 19 Aprili 1945. Tarehe hiyo ina uzito wake. Wiki moja kabla, Rais Franklin Roosevelt alikuwa amefariki. Vita vya Ulaya vilikuwa vimebakiza chini ya wiki tatu kumalizika na vya Pasifiki vilikuwa vinaendelea. Katika viti vile walikaa watu waliopata telegramu kwamba mtoto au mume hatarudi, na wengine waliokuwa bado wanaisubiri. Hammerstein hakuhitaji kuwafafanulia mjane ni nani. Maneno yake ni mepesi ajabu: dhoruba, giza, upepo, mvua, na himizo la kuendelea kutembea. Hayamwahidi mfiwa kwamba marehemu atarudi, wala kwamba aliyefiwa ataacha kulia. Yanamwambia tu kwamba hatatembea peke yake.

Muziki wa Rodgers nao ulijengwa kwa akili. Unaanza chini, karibu na sauti ya mtu anayezungumza, hivyo hata mwenye koo lililobanwa na kilio anaweza kuuanza. Kisha unapanda, mstari baada ya mstari, bila kurudi nyuma kwenye kiitikio kama nyimbo nyingi za wakati wake. Yale maneno yaliyoupa wimbo jina hayaji mpaka mwishoni kabisa, sauti ikiwa imefika juu. Mwimbaji mmoja ana kazi ngumu kufika pale. Watu wengi wakiwa pamoja, anayeshindwa anabebwa na aliye jirani yake.

Mchezo ulionyeshwa mara 890 New York. Mwishoni mwa hadithi, ambapo Molnár alimwacha mpiga debe ameshindwa, Rodgers na Hammerstein waliingiza huruma: Billy anarudi, anampiga bintiye kofi, lakini kisha anasimama bila kuonekana kwenye mahafali ya binti huyo na kumnong'oneza ajiamini. Wahitimu wanauimba wimbo uleule wa msiba. Ndiyo maana Marekani wimbo huu umeimbwa kwa vizazi kwenye mazishi na kwenye mahafali pia.

Siwezi kupita hapa bila kusema jambo linalowasumbua watazamaji wa leo, na lililonisumbua mimi. Billy anampiga mkewe. Na kuna mahali katika mchezo binti anamuuliza mama yake kama inawezekana mtu akupige kwa nguvu na usisikie maumivu, na mama anajibu kwamba inawezekana. Jibu hilo limezeeka vibaya, na wanaouonyesha mchezo siku hizi wanahangaika nalo. Lakini wimbo wenyewe haumsifu Billy, wala haumtaji. Kilicho mbele ya Nettie ni mwanamke mja mzito aliyepigwa, aliyeachwa bila senti, na ambaye hata hivyo analia. Anaimbiwa yeye. Marehemu hahitajiki kuwa mwema ili aliyebaki astahili kushikwa mkono. Nilipolielewa hilo, nilimfikiria mke wa mjomba, aliyekaa kwenye mkeka siku tatu akipokea pole kwa ajili ya mtu aliyemmalizia akiba.

*

Baada ya Broadway, wimbo ulianza kupita mikono. Frank Sinatra aliurekodi mwaka uleule wa 1945. Elvis Presley aliuimba. Januari 1972 Aretha Franklin aliurudisha kanisani, Los Angeles, alipokuwa akirekodi albamu yake ya nyimbo za dini, *Amazing Grace*, na anayeusikia pale bila kujua asili yake ataapa kwamba ulitoka kwenye kitabu cha tenzi.

Njia iliyoufikisha Morogoro, hata hivyo, ilipitia sinema. *Carousel* iligeuzwa filamu mwaka 1956. Katika jiji la bandari la Liverpool, kijana mmoja aitwaye Gerry Marsden, aliyezaliwa mwaka 1942, aliiona filamu hiyo na wimbo ukamkaa. Alipokuwa na bendi yake, Gerry and the Pacemakers, wakawa wanaupiga kwenye kumbi za jiji. Meneja wao alikuwa Brian Epstein na mtayarishaji wao George Martin, watu walewale waliokuwa nyuma ya Beatles. Mwaka 1963 bendi ilikuwa imetoa rekodi mbili, zote zikashika namba moja Uingereza, zote za kuchangamsha miguu. Marsden akataka ya tatu iwe huu wimbo wa taratibu wa maigizo. Wakubwa wake waliona ni polepole mno kwa vijana. Akashikilia. Mwishoni mwa Oktoba ukapanda namba moja na kukaa wiki nne. Hakukuwa na msanii kabla yao aliyekuwa ameshika nafasi hiyo kwa rekodi zake tatu za kwanza mfululizo, hata Beatles.

Siku hizo uwanjani Anfield, kabla ya mechi, vipaza sauti vilipiga nyimbo kumi zinazoongoza wiki hiyo, na jukwaa la mashabiki waliosimama, liitwalo Kop, liliimba nazo. Ilikuwa burudani ya kusubiri mpira, kama sisi tunavyopigiwa singeli. Kila wiki nyimbo ziliingia na kutoka, na mashabiki waliziimba na kuzisahau. Huu uliposhuka kwenye chati, Kop waliendelea kuuimba. Siamini kwamba kuna aliyeitisha kikao kuamua. Spika zilikoma na watu wakapokea.

Mashabiki wa Celtic ya Glasgow nao wanauimba, na wengi wao watakuambia Liverpool ni wa pili. Wa Borussia Dortmund wanauimba, na wa Feyenoord pia. Mabishano ya nani alianza hayana mwisho, na wimbo wenyewe haujali. Pink Floyd waliichukua sauti ya Kop na kuiweka ndani ya rekodi yao "Fearless" mwaka 1971. Kocha Bill Shankly, aliyeijenga Liverpool ya kisasa, alipofariki mwaka 1981, klabu ilijenga lango la chuma kwa heshima yake mwaka uliofuata, na juu ya lango wakaandika jina la wimbo. Mwaka 1992 lango hilo likaingia kwenye nembo. Ndiyo nembo iliyokuwa kifuani pa yule fundi redio.

*

Lakini kwa Liverpool, kama kwa Julie, wimbo ulikuja kuonekana una kazi gani pale palipotokea kifo.

Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool ilicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA, katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield. Nje ya uwanja msongamano ulikuwa mkubwa. Polisi waliamuru lango la kutokea lifunguliwe, na maelfu wakaelekea kwenye vizimba vya katikati vilivyokwisha kujaa, vyenye uzio wa chuma mbele. Watu walibanwa wakiwa wamesimama. Saa tisa na dakika sita alasiri mchezo ulisimamishwa. Waliokufa kutokana na siku ile ni 97. Wa mwisho wao alifariki mwaka 2021, baada ya kuishi na majeraha yake miaka thelathini na miwili.

Siku iliyofuata, kwenye misa ya wafu katika kanisa kuu la Kikatoliki la Liverpool, mtoto mmoja wa kwaya aliuimba peke yake. Na siku tatu baadaye, mjini Milan, AC Milan ilikuwa ikicheza na Real Madrid nusu fainali ya Kombe la Ulaya. Mapema katika mechi mwamuzi alisimamisha mchezo ili watu wanyamaze kuwakumbuka wafu wa Sheffield. Jukwaa la mashabiki wa Milan likaanza kuimba. Waitaliano wale hawakuwa na undugu na Liverpool, na Kiingereza hakikuwa lugha yao. Waliuimba kwa sababu wenyewe wimbo siku ile walikuwa hawawezi.

Ilikuwa tarehe 19 Aprili. Miaka arobaini na minne kamili tangu pazia la *Carousel* lifunguliwe. Sidai kwamba kuna muujiza hapo. Naitaja kwa sababu nilipoziweka tarehe mbili hizo sambamba kwenye daftari langu nilikaa kimya kwa muda.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko msiba wenyewe. Familia ziliambiwa kwamba waliokufa walijiua wenyewe kwa ulevi na fujo. Iliwachukua hadi mwaka 2012 kupata ripoti ya jopo huru, iliyoonyesha kwamba maelezo 164 ya polisi yalikuwa yamebadilishwa. Tarehe 26 Aprili 2016, miaka ishirini na saba baada ya tukio, baraza la wazee wa mahakama lilitamka kwamba waliokufa waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Familia zilitoka nje ya mahakama pale Warrington, wengi sasa wazee, wakasimama pamoja na kuimba. Kuna waliokuwa wameuanza wimbo ule mwaka 1989 na hawakuwapo kuumaliza, wamekufa wakisubiri. Watoto na wajukuu waliupokea.

*

Mimi niliusikia kwa mara ya kwanza Mei 2005, nikiwa na miaka kumi na mmoja, ndani ya kibanda umiza kimoja Morogoro. Mjomba alinichukua bila ruhusa ya mama. Kiingilio kilikuwa shilingi mia mbili, mabenchi ya mbao, jenereta likinguruma nje. Fainali ya Ulaya ilichezwa Istanbul, Liverpool na AC Milan, saa nne kasorobo usiku kwa saa zao na zetu pia. Kufika mapumziko Milan walikuwa mbele tatu bila. Nusu ya kibanda waliondoka wakicheka. Mjomba alikataa kuondoka.

"Nimelipa kuona mechi nzima," alisema.

Ndipo sauti ilipotoka kwenye televisheni ile ndogo. Mashabiki wa timu iliyofungwa tatu walikuwa wanaimba. Sikuelewa neno hata moja, wala mjomba hakuelewa. Alisimama akaimba nao kwa Kiingereza cha sikio, maneno yaliyopinda, sauti imenyooka. Pembeni yake alisimama kijana mmoja mwembamba na bisibisi mfukoni. Ndiye huyo fundi redio.

Unajua kilichotokea: mabao matatu ndani ya dakika sita, kisha penalti, kombe likaenda Liverpool. Watu hupenda kusema wimbo uliwashindia mechi. Sitasema hivyo. Timu nyingi zimeimbiwa na zikafungwa. Ila najua kwamba waliokuwa wanauimba usiku ule hawakuwa na sababu ya kutarajia kitu, na walioukabili upande wa pili wa uwanja walikuwa Milan, watu ambao miaka kumi na sita nyuma waliwashikia wimbo huo wasipoweza kuushika.

Umeendelea kupita mikono tangu hapo. Machi 2020, watu wa Ulaya wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, vituo vingi vya redio vya bara hilo viliupiga kwa wakati mmoja. Mwezi uliofuata mzee Tom Moore, askari mstaafu wa miaka 99 aliyezunguka bustani yake kwa fremu yake ya kutembelea na kuchangisha zaidi ya pauni milioni 30 kwa ajili ya huduma za afya za Uingereza, aliurekodi pamoja na mwimbaji Michael Ball na kwaya ya watumishi wa afya. Ukashika namba moja siku chache kabla mzee hajatimiza miaka mia. Gerry Marsden alifariki Januari 2021. Hammerstein alikuwa amefariki tangu 1960, na sijui kama aliwahi hata kuwaza uwanja wa mpira.

*

Desemba nilikwenda Kilosa. Bibi alikuwa kibarazani anachambua mchele. Nilikaa chini nikachukua ungo wa pili, nikamwambia nimekuja kurekebisha jambo. Ule wimbo wa makaburini sikukueleza vizuri, nikasema. Si wa mpira. Ni wa mfiwa.

Nikamhadithia yote: mpiga debe, karata, kisu, mke aliyeanza kusema maneno akashindwa. Bibi husikiliza kwa vidole, nilijua ananifuata kwa sababu vilikwenda polepole.

"Huyo mume alikuwa anampiga?"

"Ndiyo, bibi."

"Na pesa kachezea."

"Kachezea."

Akatupa kokoto uani. "Na mwenye kumpokea wimbo alikuwa nani wake?"

"Binamu yake."

Alinyamaza muda. Bibi ameimba kwaya ya parokia kwa zaidi ya miaka arobaini, na mambo ya kupokea wimbo hakuhitaji kufundishwa na mimi. Aliwahi kutusimulia jinsi babu alipofariki, yeye mwenyewe alivyouanzisha wimbo kanisani ukamshinda, na mwanamke waliyekuwa hawasalimiani akaudaka kutoka benchi la nyuma.

"Yule kijana siku ile," akasema, "aliyevaa nyekundu. Alilia."

"Ndiyo."

"Wenzake hawakuyajua maneno."

"Hawakuyajua."

"Wewe ulikuwa unayajua, mume wangu?"

Huniita hivyo tangu nikiwa mdogo, kwa utani wa bibi na mjukuu. Siku ile haukuwa utani kabisa. Nilisema ndiyo, nilikuwa nayajua.

Hakunigombeza. Alipepeta mchele mara mbili, akapuliza makapi, akaniuliza kama namba ya yule fundi ninayo. Nilimwambia ninayo, kwa kuwa ndiye aliyekusanya rambirambi za kibanda chote, na jina lake lilikuwa la kwanza kwenye daftari la michango.

"Mpigie," alisema. "Krismasi aje ale hapa. Aje na wenzake."

Nilitoa simu nikampigia palepale kibarazani, bibi akisikiliza.